Mgongo wa Upinde: Uhakiki wa Istilahi za Uchongaji wa Pinde na Mishale

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zilizotumika katika kijitabu kimoja cha mafunzo kinachoeleza namna ya kuchonga upinde na mishale ya miti kwa mkono, si kwa uwindaji wala kwa vita, bali kwa kujifurahisha na kulenga shabaha. Kijitabu hicho kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na wasomaji waliokusudiwa ni vijana wa Shinyanga na wa machimbo ya dhahabu ya Geita. Hatutamtaja mfasiri wala waliomtuma, maana makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Wafasiri wengi wa mambo ya ufundi huyafanya, na waalimu na watumishi wa serikali huyapokea bila kuyatilia shaka kwa kuwa yameandikwa kwa sarufi safi.

Na kwa kweli sarufi ya kijitabu hiki ni safi. Sentensi zake ni fupi, upatanisho wa ngeli haukukosewa, na hatua za kazi zimepangwa kwa utaratibu. Kwa hiyo hatuna ugomvi na Kiswahili chake kwa jumla. Swali letu ni hili: kijana akiwa ameshika mti mkono mmoja na kijitabu mkono wa pili, je, atapata upinde au atapata jeraha?

Wasomaji na mahali pao

Istilahi haipimwi hewani. Hupimwa mbele ya watu watakaoitumia. Hatuna budi basi kusema machache juu ya watu hao.

Katika nchi ya Wasukuma upinde si kitu kigeni. Jina lake la Kisukuma ni buta, na neno hilo ni ndugu wa damu wa neno la Kiswahili uta. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kibantu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi katika sehemu za Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijikusanya katika ulinzi ulioitwa sungusungu au Wasalama, na silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi ya kuitana. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuutambua ulinzi huo. Mtumishi yeyote aliyefanya kazi katika mkoa huo anajua kwamba neno upinde linaweza kuingia katika hati ya mashtaka, katika taarifa ya hospitali na katika mashindano ya vijana, na kila mahali likawa na uzito wake.

Miti nayo ina historia. Miaka mingi ya kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kukata kuni iliiacha Shinyanga karibu uchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuendelea hadi mwaka 2004. Chini ya mradi huo wananchi walirudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa na kuhifadhiwa, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota miti tena. Miongoni mwa miti ya nyika kama hiyo ni mkole, ambao Afrika Mashariki hutumika kwa pinde, mishale na mipini. Mchongaji anayetafuta ufito ulionyooka leo ana mahali pa kuupata, mradi aombe ruhusa ya wenye ngitili.

Geita ni habari nyingine. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, lakini dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kuuzunguka mgodi huo wapo wachimbaji wadogo waliotoka pande zote za nchi. Katika makazi ya namna hiyo baba anaweza kuwa Msukuma, mama akawa Muha, na jirani akawa Mkurya. Mtoto anakua na Kiswahili tu. Kijana wa kijijini akikosea kusoma kijitabu, babu yupo wa kumsahihisha kwa Kisukuma. Kijana wa machimboni hana babu huyo karibu. Kwake yeye Kiswahili cha kijitabu ndicho fundi pekee. Ndiyo sababu tunasema kosa la istilahi hapa si jambo la kupuuzwa.

Mgongo si nyuma

Kosa kubwa kuliko yote ni la neno moja. Upinde una pande mbili. Upande mmoja hutazama shabaha wakati wa kulenga. Upande wa pili humtazama mlengaji. Waingereza huuita upande unaotazama shabaha kwa neno linaloweza kuwa na maana ya mgongo au ya nyuma. Mfasiri amechagua nyuma. Kwa hiyo kijitabu kinamwagiza msomaji asiguse kwa kisu upande wa nyuma wa upinde, bali apare upande wa mbele.

Sasa tumfikirie msomaji. Ameshika ufito wake mbele ya kifua. Mbele ni wapi? Kwa Mswahili yeyote mbele ni kule anakotazama, na nyuma ni huku alipo yeye. Ataacha upande unaomtazama, na atapara ule unaotazama shabaha. Atakuwa amefanya kinyume kabisa cha alichotakiwa kufanya, na atakuwa ametii maandishi neno kwa neno.

Matokeo yake yanajulikana na kila fundi. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti zilizo upande wa nje wa mpindo hunyoshwa, na zile za upande wa ndani hubanwa. Nyuzi zinazonyoshwa zikiwa zimekatwa na kisu, mwanzo wa ufa umekwisha patikana. Ndiyo maana mchongaji huacha upande wa nje kama ulivyokuwa chini ya gamba, akaondoa mti upande wa ndani tu. Upinde uliochongwa kinyume huvunjika, nao huvunjika wakati umevutwa kabisa, yaani wakati uko karibu na uso wa mlengaji.

Kiswahili hakikukosa neno hapa. Mtu anayeinama kulima ana mgongo juu ya mpindo na tumbo ndani yake. Upinde nao ni vivyo hivyo: mgongo ni upande wa nje wa mpindo, tumbo ni upande wa ndani. Hakuna mtoto wa mkulima, awe Msukuma, Muha au Mkurya, atakayeuliza mgongo wa mtu aliyeinama uko wapi. Mfasiri angeweka mgongo na tumbo, asingehitaji hata mchoro. Alikuwa na maana mbili katika kamusi, akachukua ile isiyo na umbo. Huu ni mfano wa kufundishia: katika mambo ya ufundi, neno linaloonyesha sehemu ya kitu chenyewe ni bora kuliko neno linalotegemea mahali aliposimama msemaji.

Kulima upinde, na upinde wa kilo 20

Kosa la pili limetokana na maneno ya Kiingereza yanayofanana sura. Baada ya kupara tumbo, mchongaji huupinda upinde kidogo kidogo, akitazama kama nusu ya juu na nusu ya chini zinapinda sawasawa, na panapokaza huparapara tena. Kazi hii ndiyo roho ya uchongaji. Huweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Neno la Kiingereza la kazi hiyo lina sura moja na neno la mtu anayelima. Kijitabu kimeandika kulima upinde. Mkulima wa pamba wa Shinyanga atacheka, na kucheka hakuna madhara. Lakini akiisha kucheka hatajua afanye nini. Tunapendekeza kusawazisha mpindo. Maneno hayo mawili yanaeleza kazi yenyewe, nayo yanaeleweka bila maelezo.

Kosa la tatu ni la vipimo. Kijitabu kinamshauri anayeanza achonge upinde wenye uzito wa kilo 20. Hakuna upinde wa mti wenye uzito huo. Hata pinde ndefu za Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambazo hukaribia mita 2, mtu huzibeba siku nzima bila kuchoka. Kinachopimwa si uzito wa upinde bali nguvu inayotakiwa kuuvuta hadi mwisho wa mvuto wake, na nguvu hiyo kwa desturi hulinganishwa na uzito wa kitu kinachoning'inizwa kwenye upote. Isemwe basi nguvu ya kuvuta, na sentensi iwe hivi: anayeanza achonge upinde ambao nguvu yake ya kuvuta haizidi kilo 20. Mwalimu wa sayansi atatambua mara moja kwamba hapa uzito na nguvu vimechanganywa, na ataona haya kukitumia kijitabu darasani.

Maneno yaliyokuwapo

Tukija kwenye majina ya vifaa, tunakuta kasoro ya namna nyingine. Hapa mfasiri hakupotosha maana. Ameunda maneno mapya mahali palipokwisha kuwa na maneno. Anaandika kamba ya upinde, fimbo ya mshale, ncha ya mshale na mfuko wa mishale. Kiswahili kina upote, wano, kigumba au chembe, na podo au ziaka. Maneno haya si ya kuokotwa jana. Yalikwisha kuingizwa katika kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, na watu wa pwani waliyatumia karne nyingi kabla ya hapo. Miongoni mwa nyimbo zinazonasibishwa na shujaa Liongo Fumo umo wimbo wa kuusifu uta.

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani kusema kamba ya upinde, ikiwa inaeleweka? Hoja hii ina nguvu, na hatupendi kuijibu kwa kusema tu kwamba neno la zamani ni tamu. Tuijibu kwa kazi.

Kamba ni neno pana. Kijana akiambiwa atafute kamba ataleta ya katani ya kufungia mbuzi, nene na yenye kunyumbuka. Kamba nene hupunguza mwendo wa mshale, na kamba inayonyumbuka hula nguvu ya upinde. Upote ni uzi wa upinde, basi. Kwa asili ulikuwa wa ngozi au wa mishipa ya mnyama. Wapo watakaosema kwamba upote hauwezi kuwa wa nailoni. Tunawakumbusha kwamba kalamu kwa asili ilikuwa ya tete, na leo hakuna anayekataa kuita kalamu kitu cha plastiki chenye wino ndani. Jina limefuata kazi, likaacha kitu kilichotengenezewa.

Fimbo nayo ni ya kuchungia na kutembelea. Wano ni ufito mwembamba, mwepesi, ulionyoshwa kwa moto na mkono hadi usiwe na kombo. Kijana akikata fimbo atakuwa na fimbo, hatakuwa na mshale.

Lakini tofauti iliyo nzito kuliko zote ni ya ncha na kigumba. Ncha si kifaa. Ni mwisho wa kitu chochote kilichochongoka. Mshale wa mti mtupu una ncha, wala hauna kigumba. Kigumba ni kipande cha chuma kinachotiwa mwishoni mwa wano, na mara nyingine kina miiba inayotazama nyuma. Tuchukue sentensi ya mfano katika taarifa ya zahanati: ncha ya mshale imebaki mwilini. Je, kilichobaki ni kibanzi cha mti, au ni chuma chenye miiba? Daktari atakayempokea mgonjwa anahitaji kujua, maana kigumba chenye miiba hakitolewi kwa kuvutwa. Kikivutwa hupasua nyama na mishipa kilikopita. Karani wa mahakama naye anahitaji kujua, maana kitu cha kulengea shabaha na kitu cha kuulia havifanani. Neno moja sahihi lingeliwatosha wote wawili.

Kati ya kigumba na chembe tunachagua kigumba kwa matumizi ya kawaida. Chembe cha mshale, wingi wake vyembe, ni neno halali, na ngeli yake hulitenga na chembe ya mchanga au ya damu. Hata hivyo wanasayansi wamekwisha kulitwika neno chembe mizigo mingi, na msomaji wa leo ataisikia chembe ya maabara kabla ya kukisikia chembe cha mshale. Libaki katika kamusi na katika ushairi.

Maneno yasiyofaa kufufuliwa

Tusije tukaeleweka kwamba kila neno la kale lirudishwe. Kuna wapenzi wa lugha wanaotaka upinde uachwe na uta urejee. Uta ni neno zuri, na Msukuma atalitambua kwa sababu ya buta yake. Lakini upinde umekwisha kuenea shuleni na nje ya shule, hata katika upinde wa mvua, nao umetoka katika kitenzi pinda kinachoeleweka na wote. Kuuondoa ni kubomoa nyumba inayokaliwa na watu. Uta upewe nafasi yake katika fasihi na katika kamusi, pamoja na wingi wake mata.

Neno la pili ni uchungu. Zamani lilikuwa jina la sumu inayopakwa kwenye mishale. Sumu hizo ni za kweli na ni kali: zile zinazotokana na mimea ya jamii ya Strophanthus na Acokanthera huushambulia moyo, na kutokana na Strophanthus wataalamu walipata dawa ya moyo katika karne ya 19. Lakini leo uchungu ni maumivu na majonzi. Taarifa ikisema kwamba mshale ulikuwa na uchungu, msomaji atadhani mwandishi anasimulia mateso. Hapa neno la kawaida, sumu ya mishale, ndilo linalookoa maisha. Kijitabu chenyewe hakikutaja sumu hata mara moja, na kwa hilo tunakisifu. Tungependa tu kiongeze onyo kwamba mwenye kuchonga kwa kujifurahisha hana kazi na sumu, na kwamba kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Neno la tatu ni uraibu, ambalo limo katika jina la kijitabu. Mfasiri amelichukua kwa maana ya jambo apendalo mtu kufanya wakati wa mapumziko, na maana hiyo ni ya haki. Ila katika miaka ya karibuni wizara, hospitali na vyombo vya habari vimelitumia neno hilo kwa utumwa wa dawa za kulevya, na waathirika wake huitwa waraibu. Mzazi wa Geita akimwona mwanawe na kijitabu cha uraibu, si ajabu akakichoma moto. Mpaka hapo neno lingine litakapokubaliwa, isemwe kwa uwazi: uchongaji wa pinde kwa kujifurahisha.

Msingi wa kufuata

Kanuni ya uundaji wa istilahi tuliyoizoea inatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwa lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na ngeli kutoka kwa Wahaya. Mradi wa HASHI nao haukuifasiri ngitili. Uliichukua kama ilivyo, na leo neno hilo linasomwa katika taarifa za uhifadhi za nchi za mbali.

Sehemu hiyo hiyo ya nchi imetupa funzo jingine. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mchanga wa madini kutoka migodi ya Kahama kupelekwa ng'ambo, neno makinikia, ambalo wananchi wengi hawakuwa wamelisikia, lilienea nchi nzima kwa muda mfupi. Wachimbaji wadogo nao huita shimo lao duara, na magogo yanayolizuia lisiporomoke huyaita matimba, wala hawakungoja kamati. Kumbe watu hawaogopi neno jipya au neno gumu. Hulipokea mara moja wakiona kwamba bila hilo kazi haiendi, au maisha yako hatarini. Kwa hiyo hofu ya wafasiri kwamba wano na upote ni maneno magumu haina msingi. Anayejiandaa kupinda mti karibu na uso wake yuko tayari kujifunza maneno kumi.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza kijitabu kisahihishwe hivi kabla ya kuchapishwa, na wafasiri wengine wazingatie:

1. Upande wa upinde unaotazama shabaha uitwe mgongo. Unaomtazama mlengaji uitwe tumbo. Nyuma na mbele zisitumike kabisa.
2. Kulima upinde kuwe kusawazisha mpindo.
3. Uzito wa upinde, pale panapokusudiwa nguvu, uwe nguvu ya kuvuta.
4. Kamba ya upinde iwe upote, uwe wa ngozi, wa nyuzi au wa nailoni.
5. Fimbo ya mshale iwe wano, wingi mawano.
6. Chuma cha mwisho wa mshale kiwe kigumba. Ncha ibaki kwa mshale wa mti mtupu.
7. Mfuko wa mishale uwe podo. Ziaka iwekwe kama kisawe.
8. Nusu mbili za upinde ziitwe nusu ya juu na nusu ya chini. Hapa lugha ya kawaida inatosha, wala hapahitajiwi istilahi.
9. Sumu ya mishale isiitwe uchungu katika maandishi ya serikali.

Tunawaomba waalimu walioko Shinyanga, Kahama na Geita wayapeleke mapendekezo haya kwa wachongaji wenyewe, wazee kwa vijana, watutumie majina wanayoyatumia wao, hasa ya mkato unaoshika upote na ya namna za kufunga manyoya. Majina hayo yaandikwe pamoja na lugha yalikotoka na maelezo mafupi ya kitu chenyewe, ikiwezekana na mchoro. Kwa mfasiri wa kijitabu, shauri letu ni dogo: kabla ya kukipeleka kwa mpiga chapa, ampelekee mtu mmoja aliyekwisha kuchonga upinde, amsomee ukurasa unaohusu mgongo na tumbo, kisha atazame kisu chake kinaelekea upande gani.